Milimita mbili: niliyojifunza kwa kutengeneza Fiat Uno mwenyewe huku Gare, Lushoto

Mvua ya masika ilikuwa inanyesha, nami nimepiga magoti kwenye tope, rimu ya Nissan mikononi. Bolti ya kwanza iliingia kwa mkono hadi mwisho. Ya upande wa pili ikagoma. Nikilegeza ya kwanza ili ya pili iingie, ya kwanza nayo inapinda. Aliyeniuzia rimu alikuwa ameniambia, "Kaka, inaingia tu, tundu nne kwa tundu nne." Kwa macho zilikuwa sawa kabisa.

Usiku nilipima kwa rula ya chuma. Kwenye Fiat, umbali kutoka bolti moja hadi ya upande wa pili ni milimita 98. Kwenye rimu ile ni milimita 100. Hizo mbili tu ndizo zilizonifanya nikeshe. Ningekaza kwa nguvu, bolti zingekaa upande na kulegea taratibu, na mimi hushuka kila wiki kutoka Lushoto hadi Mombo, kilomita zaidi ya 30 za kona, korongo upande mmoja.

Tangu siku hiyo nimeelewa chanzo cha hasira zangu nyingi. Nilikuwa nalitengeneza gari hili kama Toyota. Uno lilitoka mwaka 1983 kwa mchoro wa Giorgetto Giugiaro, na lina vipimo vyake. Kama nawe unalo, au una gari lolote lisilo na ndugu mtaani kwako, haya ndiyo ninayofanya sasa.

Pima kabla hujalipa

Usinunue spea kwa jina la gari peke yake. Toa ya zamani, ioshe, nenda nayo dukani. Pima upana, urefu na nyuzi za bolti. Ukiagiza Gerezani, Dar es Salaam, au Nairobi, tuma picha yenye rula pembeni. Nauli ya kurudisha kitu kisichoingia inauma kuliko bei yake.

Kabureta irekebishwe huku juu

Gari lililorekebishwa Tanga likifika Gare hutoa moshi mweusi na plagi hujaa masizi. Si ugonjwa. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 13, ilhali petroli inapita karibu ileile. Mashine ikishapata moto, kaza skrubu ya mchanganyiko robo kwa robo mpaka ianze kutetemeka, kisha irudishe kidogo mpaka itulie. Hilo linatibu gari likiwa limesimama. Likiendelea kula mafuta barabarani, tafuta jeti ndogo zaidi.

Likichemsha, anza na kifuniko

Hapa ndipo nilipoumia zaidi. Gari lilikuwa linachemka kila nikipanda kutoka Mombo. Nilifungua silinda hedi nzima, nikabadilisha gasketi, wiki mbili zikaisha. Likachemka tena palepale. Kosa lilikuwa kifuniko cha rejeta ambacho springi yake imechoka.

Maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 100 pwani, lakini huku kwetu ni kama 95. Kifuniko kizima ndicho kinacholibana shinikizo na kuyafanya maji yavumilie joto. Kibadilishe kwanza, ni kitu cha bei ndogo. Kisha, mashine ikiwa imepoa kabisa, jaza maji polepole, hita ikiwa imefunguliwa upande wa moto, na ulegeze skrubu ndogo ya kutolea hewa mpaka maji yatoke bila mapovu. Hewa iliyobaki ndani hudanganya kipimo cha joto.

Umeme: anza na ethi

Ukungu wa Usambara hula vyuma. Taa zangu zilikuwa zinafifia kila nikiwasha indiketa, nikabadilisha swichi na fyuzi bila faida. Jaribu hivi: chukua waya wa kubustia, unganisha hasi ya betri na bodi. Taa zikirudi, ethi ndiyo mbovu. Fungua sehemu inapogusa bodi, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi kuzuia kutu.

Weka daftari

Kila bolti niliyoipima, kila spea iliyokubali na iliyokataa, naandika na tarehe. Mafundi wa huku ni wazuri sana kwa magari wanayoyajua. Mafundi wa Uno hawapo, kwa hiyo daftari ndilo fundi wangu. Pia limeniwekea mpaka: kazi ya breki nikiwa na shaka nayo hata kidogo, sishuki mlimani mpaka fundi mwingine aikague.

Rimu ya Nissan nilimpa jirani mwenye Sunny, ikaingia bila kubishana. Yangu iliyokuwa imepinda ilinyooshwa Mombo, nikaifunga mwenyewe asubuhi moja ya jua. Bolti zote nne ziliingia kwa vidole kabla sijagusa spana. Sasa hicho ndicho kipimo changu: kinachoingia kwa vidole kwanza ndicho ninachokikaza.