Jani la Kakao, Mchana na Usiku

Mwanafunzi mmoja wa Beni alimletea mwalimu wake matunda madogo ya kakao, marefu kama kidole, meusi na makavu. Akasema: «Mwalimu, watu wa nyumbani wanasema jirani ameyaroga.» Mwalimu akamwuliza: «Matunda ya kakao hula nini usiku?» Mtoto akacheka. Hakujua.

Watoto, ninyi mnajua? Mizizi huleta maji na chumvi za udongo, lakini chakula chenyewe cha mti hupikwa katika majani. Moto wa jiko hilo ni mwanga wa jua. Asubuhi jani huvuta hewa kwa vitundu vidogo mno, huichanganya na maji, likapata sukari. Sukari nyingine huenda zake mara moja. Nyingine hubaki jani likaigeuza kuwa wanga, kama ule wa muhogo. Wanga hauyeyuki katika maji. Hukaa kama unga ghalani. Mpaka jioni ghala limejaa.

Usiku jiko huzimika, lakini mti haulali njaa. Wanga hugeuka tena sukari, nayo huyeyuka na kushuka kwa mishipa ya jani mpaka shina, mizizi na matunda. Alfajiri ghala ni karibu tupu.

Mwaka 1884 Julius Sachs, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, alikata nusu ya jani la alizeti jioni, akaacha nusu ya pili mtini mpaka asubuhi. Alipokausha na kupima vipande vyenye upana sawa, kile cha asubuhi kilikuwa chepesi zaidi. Kisu na mizani tu!

Sisi tutatumia majani ya matembele, maana jani la kakao ni gumu. Chuma moja jioni, ukalitie papo hapo katika maji yanayochemka. Jani lililochumwa lingali hai, nalo lingeendelea kula wanga wake. Chuma la pili kabla ya jua kuchomoza, ukafanye vivyo hivyo. Mwalimu peke yake atayatia katika alkoholi iliyopashwa ndani ya maji ya moto, mbali na miali, mpaka rangi ya kijani itoke. Kisha tone la iodi. La jioni litakuwa jeusi-buluu. La asubuhi litabaki la kahawia.

Sasa turudi kwa matunda yale. Mti wa kakao huzaa vitunda vingi kupita nguvu zake. Majani yasipoweza kuvilisha vyote, vingine hukauka vingali mtini. Mtoto na baba yake walikwenda shambani wakatazama juu: matawi ya miti mikubwa yamefunga mbingu. Wakapunguza machache tu, kwa maana kakao changa hutaka kivuli. Kisha baba akaenda kwa jirani kuomba radhi.

Maulizo. Kwa nini jani la jioni ni zito kuliko la asubuhi? Ukifunika jani kwa karatasi nyeusi siku mbili, iodi itaonyesha rangi gani?