Majina ya Ndege wa Itombwe: Picha Haitoshi

Ukisimama ufukweni Uvira, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ukageukia magharibi, utaona milima imekusimamia. Nyuma yake ndiko ziliko nyanda za juu za Itombwe, ambazo wenyeji huziita kwa Kifaransa Hauts Plateaux: misitu ya baridi, mianzi, malisho ya ng'ombe, na vilele vinavyopita mita 3,000. Huko alipatikana bundi mgeni kwa wanasayansi mwaka 1951, na kirukanjia mwaka 1955. Wote wawili kwa Kilatini wanaitwa prigoginei, kwa heshima ya Alexandre Prigogine. Swali la makala hii ni jingine: wenyeji huwapa ndege majina kwa njia gani?

Tuanze na Kiswahili. Njia ya kwanza ni mzizi wa urithi: neno la kale nyuni ni ndugu wa inyoni ya Kirundi, na ndege ni jirani wa ndeke ya Kilingala. Ya pili ni tanakali sauti, kama hondohondo. Ya tatu ni kuunda nomino kutokana na kitenzi: kigogota kutoka -gogota, na kirukanjia kutoka -ruka na njia, kwa kuwa usiku hutua njiani, akaruka ghafla mtu anapokaribia. Uvira tunaongeza viambishi vya udogo ka- na tu-: kandege, tundege, kama aka- na utu- za Kirundi.

Hiki kandege ndicho kilichonipoteza. Nilimwonyesha mama mmoja mzee, aliyeshuka kutoka nyanda za juu kwa sababu ya vita, picha za ndege kumi na wawili. Kwa tisa alijibu, "Kandege tu." Nikaandika daftarini kwamba majina yamepotea.

Jioni nikacheza sauti zao kwenye simu. Mama akaacha kuchambua mchele. Akataja majina matano kwa Kibembe, na ndege wa sita akamwiga kwa mdomo kabla sauti haijaisha.

"Ungeanza na hii, mtoto wangu," akasema. "Hawa tulikuwa tunawasikia tu. Katika ukungu ungewaona wapi?"

Kosa lilikuwa la mtafiti. Picha inapima macho, ilhali maarifa ya msituni yanakaa masikioni. Tangu siku hiyo ninaanza na sauti, ninarekodi jina pamoja na toni yake, kisha ninauliza ndege huyo hulia wapi na saa ngapi. Picha huja mwisho.

Wajukuu wa mama huyo wamezaliwa mjini. Walikaa nasi jioni ile, na kwao sauti zote zile zilikuwa za kandege mmoja. Kabla hatujaandika kwamba jina limekufa, tuhakikishe kwanza kwamba tuliliuliza kwa njia ambayo mwenye jina angelitambua.