Nyumba ni Sitara: Somo Juu ya Aila Zisizo na Makao

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu zetu wasomaji, katika somo la leo twataka kuzungumza juu ya aila zisizo na makao, na jinsi watu wa mji wanavyoweza kuziinua mpaka zikapata nyumba ya kudumu. Jambo hili ni la dini na la dunia pamoja. Nyumba ni sitara, na aliyekosa sitara hupata taabu katika ibada yake, katika malezi ya watoto wake, na katika heshima yake mbele za watu.

Wala mtu asidhani kuwa asiye na makao ni yule tu alalaye barazani. Mama mjane anayehama na watoto wake, mwezi huu kwa dada yake na mwezi ujao kwa shangazi yake, huyo hana makao. Aila iliyosongamana katika chumba kimoja cha kupanga, na kodi ya miezi mitatu haijalipwa, mguu wake mmoja uko nje tayari. Na aliyejenga nyumba yake juu ya ardhi ya mwingine, naye hajui siku atakayoambiwa avunje, huyo pia hulala na hofu.

Desturi ya miji yetu ni kuwasaidia watu hawa kwa mchango. Mtu husimama msikitini baada ya sala, akaeleza dhiki yake, zikakusanywa shilingi, akalipiwa kodi ya mwezi mmoja. Hili ni jema, na ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu. Lakini mwezi wa pili dhiki ni ile ile, na juu yake imezidi haya ya kurudi kuomba. Basi suala la somo letu ni hili: ni msaada wa namna gani utakaomtoa mtu katika dhiki asirudi tena?

1. Waliohamia Madina

Tuutazame mwaka wa kwanza wa Hijra (622). Muhajirina waliingia Madina hali wameziacha Makka nyumba zao na mali zao. Bwana Mtume (S.A.W.) mwenyewe alishukia kwa Abu Ayyub al-Ansari, akakaa kwake mpaka msikiti ulipojengwa na vyumba vyake.

Wengi hukisoma kisa hiki kama sifa ya ukarimu wa Ansari, na ni kweli sura ya Al-Hashr imewasifu. Lakini ndani ya ukarimu ule mlikuwamo mpango. Kwanza, Muhajirina walifungwa undugu na Ansari, mtu na mtu wake. Hawakuachiwa watu wote kwa jumla, kwani kazi ya watu wote aghalabu haina mwenyewe. Pili, Ansari walipotaka kuwagawia mitende yao, Mtume hakukubali. Ikawa Muhajirina washiriki katika kazi ya mashamba na mavuno wagawane. Naye Abdur-Rahman bin Auf, alipopewa na ndugu yake Saad bin Rabi' nusu ya mali, alimuombea baraka kisha akataka aonyeshwe soko. Tatu, Muhajirina walikatiwa viwanja wakajenga nyumba zao. Na wale mafakiri wasio na mtu wa kuwapokea, waliwekwa kwenye Suffa, penye kivuli nyuma ya msikiti, wakawa wakilala na kusoma hapo. Nne, baada ya kufunguliwa Khaibar, katika mwaka wa 7 wa Hijra, Muhajirina waliwarudishia Ansari mitende waliyokuwa wamepewa wale matunda yake.

Zingatieni daraja hizi: kupokewa, kupewa kazi, kupewa kiwanja, kisha kurudisha. Msaada ule ulikuwa na mwanzo na mwisho. Aliyesaidiwa hakufanywa mgeni milele. Alifanywa mwenyeji, kisha akawa yeye mwenyewe mtu wa kusaidia wengine.

2. Shina hufungwa, tunda hutolewa

Sayyidna Umar (R.A.) alipata ardhi Khaibar, mali aliyoipenda kuliko mali zake zote. Alipomtaka shauri Mtume (S.A.W.), alielekezwa aifunge asili yake na atoe sadaka mapato yake. Ikawa ardhi ile haiuzwi, haipewi mtu, wala hairithiwi. Faida yake ikawaendea mafakiri, jamaa, wageni na wasafiri, na msimamizi wake aweza kula humo kwa kiasi cha uadilifu. Huu ndio msingi wa wakfu.

Hikima yake ni kubwa kwa mas-ala yetu. Ardhi ya mji hupanda bei kila mwaka, na bei ikipanda, wa kwanza kutolewa ni maskini. Lakini ardhi iliyofungwa haina bei, kwa kuwa haina mnunuzi, na aliyekaa juu yake hawezi kuondolewa kwa ajili ya tajiri aliyefika na mfuko mzito.

Hata hivyo wakfu pia huweza kufa. Katika Mji Mkongwe wa Unguja ziko nyumba nyingi za wakfu za matajiri wa zama zilizopita, na baadhi yake zilikusudiwa wakae jamaa na maskini kwa kodi ndogo au bila ya kodi. Watu wengi walisitirika humo. Lakini nyumba isiyoingiza hata fedha za kutengeneza dari yake huanguka, na nyingi katika hizo zimechakaa. Basi wakfu hautaki nia njema peke yake. Wataka hisabu na matengenezo.

3. Hali ya pwani yetu

Dhiki ya makao hapa pwani ina asili yake. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka wenye kudai ardhi walete madai yao yaandikishwe, na ardhi isiyodaiwa ikahisabiwa kuwa ya serikali. Wengine waliandikisha, wengi hawakuandikisha, na wajukuu wao wamekuwa wakaaji wa ruhusa katika ardhi waliyozaliwa.

Mjini nako imeenea desturi ya nyumba isiyo na ardhi. Mtu hujenga nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba kuume na kushoto, juu ya kiwanja cha mwingine, akawa anamlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Nyumba ni yake, ardhi si yake. Desturi hii ilisitiri watu wengi wasioweza kununua kiwanja. Lakini mara nyingi hapana maandishi yenye muda maalumu. Mwenye ardhi akifa na warithi wakauza, jasho la miaka arubaini hugeuka kuwa boriti na mabati yaliyorundikwa njiani.

Yafaa watu wajue kuwa sheria ya nchi haikuwaacha uchi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imetaja makao yanayofaa kuwa ni haki ya kila mtu. Na sheria za ardhi zilizorekebishwa mwaka 2016 zataka mtu anayehisabiwa kukaa katika ardhi bila ya haki apewe kwanza ilani ya maandishi ya miezi 3, naye aweza kwenda mahakamani kabla ya muda huo kwisha. Wengi huvunjiwa kwa kutojua haya.

4. Mifano miwili ya nchi yetu

Mtu atasema: haya ni ya Madina; sisi tuko Kenya. Basi tumpe mifano ya Kenya.

Wa kwanza uko Voi, katika mtaa uitwao Tanzania-Bondeni. Watu wa mtaa ule walikuwa wamejenga juu ya ardhi isiyo yao, nyingine ikiwa ni ya reli. Mapema katika miaka ya 1990, Wizara ya Serikali za Mitaa pamoja na shirika la Kijerumani la GTZ walisaidia kuutengeneza mtaa. Wakazi wakaulizwa: je, kila mtu apewe hati yake, au ardhi iwe moja chini ya amana ya watu wote? Wao wakachagua amana. Waliogopa, na hofu yao ilikuwa na haki, kwamba kila mtu akipewa hati yake, wenye shida watauza mara moja na matajiri wa nje watanunua, na maskini warudi walikotoka. Mpango ukawa ardhi ishikwe na chombo cha wakazi wenyewe, kila aila ikodishwe kiwanja kwa muda mrefu, na nyumba iliyo juu yake iwe ni mali ya aliyejenga, aweza kuirithisha au kuiuza. Lakini ardhi yenyewe haiuzwi.

Mtindo huu wa amana ulianzwa kwa sura yake ya kisasa Marekani mwaka 1969, na wakulima weusi wa Georgia. Lakini msomaji aliyefahamu wakfu wa Umar ataona kuwa kanuni yake si ngeni kwetu. Na tuseme pia taabu zake: sheria ya Kenya ya wakati ule haikuwa na mlango wake maalumu, kazi ya maandishi ikachukua miaka, na mfano ule haukuenea kama ilivyotarajiwa. Wazo jema pasipo maandishi mazuri hukaa kama jahazi lisilo na tanga.

Mfano wa pili uko Huruma, Nairobi, katika kijiji cha Kambi Moto. Wakazi wake walikuwa katika Muungano wa Wanavijiji, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya kupinga kufukuzwa watu. Hawakuanza kwa kuomba nyumba. Walianza kwa kuweka akiba, shilingi chache chache kila siku, na kwa kujihisabu wao wenyewe: nani ana kibanda, nani mpangaji, aila ngapi, watoto wangapi. Mwaka 2003 wakafanya mapatano na Baraza la Jiji kwamba ardhi ile itumike kwa makao yao. Jambo zito lilikuwa baina ya wenye vibanda na wapangaji, kwani mwenye vibanda vingi hapendi kulingana na mpangaji wake. Walikubaliana kwamba kila aila ipate nyumba moja. Viwanja vilikuwa vidogo, kiasi cha mita za mraba 20, kwa hivyo nyumba zilipangwa ziende juu: aila yaanza na chumba cha chini, kisha huongeza cha juu kadiri ya uwezo wake. Wanawake na wanaume walimimina wenyewe vibamba vya zege vya sakafu, wakapunguza gharama kwa mikono yao.

Tazameni basi: walioinuka hawakuinuliwa na tajiri mmoja. Waliinuliwa na ardhi yenye amani, akiba ya pamoja, na majirani wasioachana.

5. Zaka, sadaka na wakfu: kila kimoja na mahali pake

Baadhi ya watu huuliza: yafaa zaka itumiwe katika jambo hili? Twajibu: yafaa, kwa mipaka yake.

Katika madhhabu yetu ya Imam Shafi, mtu kuwa na nyumba anayokaa hakumtoi katika ufakiri. Aweza kuwa na paa juu ya kichwa na bado akastahiki zaka. Na kauli aliyoitilia nguvu Imam Nawawi ni kwamba fakiri apewe kitakachomtosheleza umri wake: fundi apewe ala za kazi yake, mfanyabiashara rasilimali yake, na asiye na kazi anunuliwe mali yenye kuleta pato. Kadhalika mdaiwa ni mmoja katika wale wanane, na malimbikizo ya kodi ya nyumba ni deni. Kwa hivyo kugawa zaka shilingi mia mia kwa mlolongo wa watu mlangoni, na wote wakarudi maskini kama walivyokuja, si lazima, wala si bora.

Lakini zaka hutaka kumilikishwa mwenye kustahiki. Haijengewi wakfu, kwa kuwa wakfu haumilikiwi na mtu. Basi zaka imlipie mdaiwa deni lake na imnunulie cherehani mjane. Sadaka na wakfu vishike ardhi na vijenge kuta. Vikichanganywa, zaka hupotea mahali pake na wakfu huingia shaka.

6. Wajibu wa kila mmoja

Kwa jamaa wa kila msikiti twashauri haya. Zihisabiwe aila zisizo na makao katika mtaa, kwa siri na kwa heshima. Kila aila ipewe nyumba moja au mbili za kuifuata, kwa mfano wa undugu wa Madina, muda wa mwaka mzima, si siku ya kugawa unga tu. Uwekwe mfuko wa akiba ambao hata hao wahitaji hutia shilingi yao, ili wawe ni wenye chombo na si abiria. Wateuliwe wasimamizi waaminifu, na hisabu isomwe hadharani.

Kwa mwenye kutaka kuweka wakfu, twasema: misikiti yenye kutazamana imekuwa mingi, na jirani ya msikiti hana pa kulaza wanawe. Kiwanja kimoja cha wakfu chenye vyumba vinane, vinne vya wahitaji na vinne vya kodi ya kutengenezea jengo, ni ibada itakayoendelea baada ya kifo chako.

Na kwa mwenye ardhi twasema, na neno hili ni zito kuliko yote: huhitaji kutoa hata shilingi moja. Mwandikie mkaaji wako mkataba wenye muda wa kutosha. Kodi yako utaipata, na yeye atapata usingizi. Ukilazimika kuuza, mpe yeye kwanza nafasi ya kununua, na mpe muda. Kumsitiri mtu kwa kalamu ni sadaka nyepesi zaidi mkononi, na huenda ikawa nzito katika mizani.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wanaositiri wala si katika wanaovunja. Wabillahi ttawfiq.