Theluji Isitoke Kijivu: Kamera ya Filamu Kwenye Baridi Kali

Anayepiga theluji kwa mara ya kwanza kwa kamera ya zamani mara nyingi huletewa picha za rangi ya majivu. Uwanja uliokuwa ukimeta mpaka macho yanauma umetoka kama sakafu ya saruji, na miti imekuwa myeusi ti. Lawama humwangukia fundi aliyesafisha filamu, au filamu yenyewe kwamba ni ya zamani. Mara nyingi wote wawili hawana kosa. Aliyeharibu ni mita ya mwanga iliyomo ndani ya kamera, na imefanya hivyo ikiwa nzima kabisa.

Mita hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu. Kitu chenyewe ni nini, haijui. Imeundwa ikichukulia kwamba chochote kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu cha katikati, yaani kinarudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Kwa barabara, majani, matofali na watu sokoni, hesabu hiyo inatosha. Theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80. Mita ikiona mwanga wote huo inakuamuru ubane tundu la lenzi au uongeze kasi ya shata, na ukitii, weupe unashushwa hadi kijivu. Kwa hiyo usitii. Ipe theluji mwanga zaidi ya unaoambiwa, kwa hatua moja hadi mbili. Hatua moja ni kuzidisha mwanga mara mbili: kutoka 1/500 kwenda 1/250, au kutoka f/16 kwenda f/11.

Theluji ikijaza fremu nzima na jua linawaka, ongeza hatua mbili. Nusu ya fremu ikiwa miti, mawe au maji, moja inatosha. Ansel Adams, mpiga picha Mmarekani aliyeupangia mwanga madaraja pamoja na Fred Archer mnamo 1940 hivi, alikiweka kijivu cha katikati daraja la tano na theluji inayopigwa na jua la ubavuni daraja la saba, kila daraja likiwa hatua moja. Hatua mbili hizo si ramli.

Njia rahisi ya kuongeza hatua hizo, hasa ukiwa na glavu, ni kuidanganya kamera kuhusu kasi ya filamu. Umeweka filamu ya 400? Zungusha kitufe cha ASA hadi 200, kamera itaongeza hatua moja yenyewe; ukiweka 100, itaongeza mbili. Kumbuka tu kukirudisha 400 ukiondoka kwenye theluji. Njia nyingine, ninayoiamini zaidi, ni kiganja. Kiganja cha mkono, hata cha mtu mweusi, huwa na mwangaza zaidi kwa hatua moja hivi kuliko kile kijivu. Kielekeze kwenye mwanga uleule unaoiangukia theluji, kisogeze karibu hadi kijaze kioo cha kutazamia, pima, ongeza hatua moja, kisha vaa glavu yako. Chini ya anga isiyo na mawingu huna haja ya kupima tena kwa muda mrefu. Watu wengi huharibu filamu kwa kupima upya kila fremu.

Na mita ikifa, ipo kanuni ya jedwali lililokuwa likichapishwa ndani ya maboksi ya filamu: jua likiwa kali, weka f/16 na shata iwe sawa na kasi ya filamu, yaani 1/125 kwa filamu ya 100. Jedwali hilohilo liliagiza f/22 kwa theluji na mchanga mweupe. Lakini lilikusudia jua lililopanda. Huko kaskazini mwezi Desemba jua halipandi, kwa hiyo irudie f/16, au hata f/11 ukitumia filamu ya negativu.

Tuchukue mfano wa pwani ya kaskazini ya ziwa Superior, jimbo la Minnesota, Marekani. Wakenya wengi wamelowea jimbo hilo, na ni mahali ninapomshauri yeyote aanzie kujifunza. Ukitoka mji wa Duluth kuelekea mpaka wa Kanada unafuata miamba myeusi, misonobari, vijito vilivyogandia njiani, na mnara wa taa wa Split Rock uliowashwa mara ya kwanza mwaka 1910. Tarehe 21 Desemba jua hapo huchomoza karibu saa mbili asubuhi, na saa kumi na nusu ya jioni haifiki kabla halijazama. Adhuhuri yenyewe limesimama nyuzi 20 tu juu ya upeo. Kwetu Mombasa au Mwanza mwanga laini wa jioni unaukimbiza, dakika chache umekwisha. Kule, siku nzima ni jioni.

Mwanga huo wa chini ndio mali. Theluji iliyopigwa kutoka juu haina sura, ni karatasi tupu. Ikipigwa kutoka ubavuni, kila unyayo, kila tuta lililochongwa na upepo na kila punje hutupa kivuli chake. Simama jua likiwa ubavuni pako au mbele yako kidogo, si mgongoni. Alfajiri ya baridi kali, hewa ikiwa na nyuzi 20 chini ya sifuri na ziwa bado halijaganda, maji hufuka mvuke kama moshi. Upige huku ukilielekea jua, na hatua za nyongeza uziweke palepale, maana mvuke mweupe nao huipotosha mita.

Vivuli kwenye theluji ni vya buluu kwa sababu vinaangaziwa na anga peke yake. Katika filamu ya rangi usivipige vita; ndivyo vinavyoifanya picha ihisi baridi. Katika nyeusi na nyeupe, buluu hiyo ni nafasi. Filta ya njano hutia giza kidogo anga na vivuli, theluji ikajitokeza. Inakula hatua moja ya mwanga. Ya rangi ya chungwa inakula karibu mbili, na nyekundu tatu. Tarehe 10 Aprili 1927 Adams alikuwa juu ya theluji Yosemite akiutazama mwamba wa Half Dome, amebakiwa na mabamba mawili ya kioo. La kwanza alilipiga kwa filta ya njano, akaona halitabeba uzito aliouhisi. La mwisho akalipiga kwa nyekundu: anga likatoka karibu jeusi na theluji ikang'aa. Picha hiyo, Monolith, ndiyo iliyomfanya ajulikane. Hata hivyo, kwa mwenye pesa za filta moja mfukoni ningesema anunue njano kwanza. Nyekundu ikitumiwa kila siku huchosha.

Kuhusu filamu, sitachelewa. Negativu za rangi kama Kodak Gold 200 au Portra 400 husamehe mwanga ukizidi. Ilford HP5 Plus kadhalika. Slaidi, kama Ektachrome E100, haisamehi: ukizidisha, theluji inakuwa plastiki tupu isiyo na alama. Anza na negativu.

Sasa kamera. Kadiri inavyotegemea umeme kidogo, ndivyo inavyofaa. Pentax K1000, Nikon FM2, Olympus OM-1 na Zenit E zote hupiga hata bila betri. Betri, pale ilipo, ni ya mita tu. Canon AE-1, pamoja na umaarufu wake, shata yake inaendeshwa na betri, na betri ikizimia kwenye baridi umebeba tofali. Frank Hurley, mpiga picha wa safari ya mvumbuzi Shackleton, alipolazimika kuacha mitambo yake mizito kwenye barafu ya Antaktika mwaka 1915, alibaki na Kodak ndogo ya mfukoni, ya kukunja, na ndiyo iliyopiga picha za kisiwa cha Elephant.

Betri za alkalini, zile LR44 za bei rahisi, huzimia mapema kwenye baridi. Nunua SR44 za oksidi ya fedha, au ya lithiamu ikiwa kamera inaikubali, na nyingine iwe mfuko wa ndani, karibu na mwili. OM-1 na nyinginezo za miaka ya 1960 na 1970 ziliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haiuzwi tena. Watu wanaweka betri za vifaa vya kusikia. Mjini zinafaa. Kwenye baridi kali huishiwa nguvu, kwa hiyo rudi kwenye kanuni ya f/16.

Kuna adui asiyeonekana ndani ya kamera ya zamani: grisi. Ile iliyotiwa kiwandani miaka 40 iliyopita hufanya baridini kama mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe. Pete ya lenzi inakuwa nzito, na shata inaburuta. Ijaribu kabla ya kuiamini: bila filamu, itie kwenye mfuko uliofungwa, iache nje barazani saa nzima, kisha fyatua kasi zote ukisikiliza. Sekunde moja ikisikika kama mbili, au 1/30 ikikwama, mpelekee fundi aisafishe na kuitia mafuta mapya. Bei yake yaweza kuzidi bei ya kamera yenyewe, na bado ingefaa.

Filamu nayo hukakamaa. Ivute taratibu baada ya kila picha, na ukiirudisha kwenye kikebe chake, irudishe polepole zaidi. Ukiharakisha inaweza kukatika. Au, kwa kuwa hewa ya baridi ni kavu, msuguano huzaa cheche ndogo za umeme zinazoacha michirizi kama radi juu ya picha. Mashine ya kuvuta filamu kwa mota iache nyumbani.

Usipumue juu ya kioo cha kutazamia. Mvuke wa pumzi huganda papo hapo na kuufuta kwa kidole ni kuupaka zaidi. Usiguse chuma kwa ngozi tupu. Herbert Ponting, aliyekwenda Antaktika na mvumbuzi Scott mwaka 1910, aliwahi kulamba midomo akiwa anafokasi, ulimi ukagusa chuma cha kamera na kunasa. Vaa glavu nyembamba ndani, na nzito zisizo na vidole juu yake. Unavua zile nzito tu unapopiga.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, haiko nje. Iko mlangoni. Kamera iliyopoa ikiingia ghafla kwenye nyumba yenye joto, unyevu wa hewa hugeuka matone juu yake na ndani yake: kwenye vioo vya lenzi, kwenye shata, juu ya filamu yenyewe. Ukiitoa tena nje, matone yanaganda. Ukungu unaoota baadaye kwenye lenzi nyingi za zamani huanzia hapo. Dawa ni mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu. Ukiwa bado nje, kabla hujagusa kitasa, tia kamera ndani, toa hewa, funga. Ingia nayo, iweke mbali na hita, na usiifungue mpaka imepata joto la chumba. Saa mbili ni wastani mzuri. Filamu zilizokwisha pigwa zifanyie vivyo hivyo. Mkahawani na garini ni hivyohivyo: kamera ikae kwenye buti, iendelee kuwa baridi, mpaka safari iishe. Na usiifiche ndani ya koti kwa huruma. Mwili unatoa jasho.

Kwa wanaopanda Kilimanjaro, sheria ni zilezile. Usiku wa kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, lala na betri ndani ya begi la kulalia, lakini kamera ibaki kwenye mfuko wake uliofungwa. Mwanga wa juu kule una urujuanimno mwingi, kwa hiyo filta ya UV ina kazi. Kwa msafiri wa ndege: filamu isiingie kwenye mizigo ya chini, wala kwenye mashine mpya za ukaguzi za CT, omba ikaguliwe kwa mkono.

Na ukiwa ziwani, picha haina thamani ya kuzama. Idara ya maliasili ya Minnesota inataka barafu safi ya angalau sentimita 10 ndipo mtu atembee juu yake. Barafu nyeupe yenye theluji ndani ni dhaifu zaidi. Superior hufungua na kufunga barafu yake kwa upepo wa usiku mmoja. Piga ukiwa ufukweni.

Imebaki studio. Mashine za kuskani hurekebisha mwangaza zenyewe, na hufikiri kama mita: zikiona weupe mwingi, zinaushusha. Kazi yako yote ya hatua mbili inaweza kufutwa hapo. Kwa hiyo andika juu ya bahasha kwa herufi kubwa: PICHA ZA THELUJI, USISHUSHE MWANGAZA. Kisha dai negativu zako, usikubali kupewa faili peke yake. Ziinue kwenye dirisha: mahali pa theluji pakiwa pazito na peusi, na bado unaona mistari ya nyayo ndani yake, ulipiga sawasawa, na picha yoyote ya kijivu uliyoletewa irudishe iskaniwe upya.