Gari la yadi ya Dar likikugomea ukiwa Bagamoyo: fanya haya kabla fundi wako hajashika spana



Wiki hii watu watatu wameniandikia kitu kilekile: "Nimechukua kirikuu yadi Dar, haijamaliza wiki imeanza kusumbua, yadi wananizungusha, nifanyeje?" Naandika jibu hapa ili lisomwe na wote, maana hata mimi yalinikuta mwaka jana na yakaisha bila kufika mahakamani. Mimi si mwanasheria. Nimeishia form four, duka langu liko Magomeni, hii ya Bagamoyo, si ile ya Dar. Haya nimeyapata kwa kusoma sheria zenyewe na kuuliza watu wanaojua.

Kwanza elewa kwa nini yadi inakuzungusha. Wanajua unakaa wapi. Bagamoyo mpaka Dar si safari ndefu, lakini ukifika foleni ya Tegeta na Mwenge siku imeshaisha. Kila ukienda unafunga duka, unalipa nauli, unakula njiani, halafu unaambiwa bosi hayupo, njoo Alhamisi. Wakikufanyia hivyo mara tatu, wengi wanakata tamaa na kutengeneza kwa hela yao. Kwa hiyo kazi yako ni kumaliza mambo mengi kadiri uwezavyo ukiwa dukani kwako, kwa maandishi, na ukienda Dar uende mara moja kukutana na mtu mwenye uamuzi.

Yangu ilikuwa kirikuu ya cc 660, bei milioni 9 na laki 4. Nililipa milioni 8 na laki 6 kupitia benki, laki 8 tukaandika kwenye mkataba kwamba nitamalizia siku kadi ikitoka kwa jina langu. Siku ya nne natoka Kiwangwa na nanasi, nafika Makurunge geji ya joto imepanda mpaka juu. Nikazima, nikasubiri ipoe, nikatafuta wa kunivuta.

Fundi wangu alifungua mfuniko wa oili tu. Oili ina rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameingia. Akasema gasketi ya silinda hedi imekwenda, akaanza kutafuta spana. Nikamwambia kaka, angalia, usifungue.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Fundi wako akishafungua injini, yadi watasema yeye ndiye kaiharibu, na huna cha kuwajibu. Isitoshe, kuna sheria inaitwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Inasema mnunuzi akikaa na bidhaa muda mrefu bila kumwambia muuzaji kwamba anaikataa, au akiifanyia jambo ambalo mwenye mali yake tu ndiye hulifanya, anahesabiwa ameipokea. Ukishahesabiwa umeipokea, kulirudisha gari kunakuwa kugumu. Kinachobaki ni kudai fidia, na fidia ni mvutano mwingine. Kwa hiyo gari lisimame, na muuzaji aambiwe mapema, ndani ya siku hizohizo.

Nilimwomba fundi aniandikie nusu ukurasa: tarehe, namba ya gari, kilomita zilizosoma kwenye dashibodi, alichokiona, anadhani sababu ni nini, jina na saini yake. Nikachukua video injini ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi, mfuniko wa rejeta uko wazi na maji yanatoa mapovu. Halafu nikarudi kwenye tangazo lao la mtandaoni nikalipiga picha kabla hawajalifuta. Waliandika "injini haijaguswa, haina tatizo lolote, pakia kazi tu."

Hilo tangazo ni mali. Sheria hiyohiyo inasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, lazima ifanane na maelezo. Na kama ulimwambia muuzaji unaitaka kwa kazi gani ukategemea ujuzi wake, na yeye kuuza bidhaa hiyo ndiyo biashara yake, basi iwe inafaa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana mimi hata kwenye meseji za mwanzo kabisa huwa naandika: "Natafuta gari la kubeba soda na unga, na nanasi msimu ukifika." Ila sheria ina upande wa pili pia: kama ulilikagua gari, kasoro ambayo ukaguzi wako ulitakiwa kuiona huwezi kuja kuidai. Mlango uliobonyea uliuona, kaa nao. Gasketi ya ndani ni habari nyingine.

Na lile bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" lisikutishe. Watu wanaweza kukubaliana kuuziana gari kama lilivyo, hilo lipo, na kama ulisaini sharti hilo kabla ya kulipa ujue umejibana. Lakini maneno yaliyochapwa chini ya risiti uliyopewa hela ikiwa imeshatoka mkononi, hayo si makubaliano yenu.

Kijana wa mauzo nilimpigia siku ileile. Akasema, "Hiyo ni kawaida bro, gari la Japani lina zoea mazingira, we lete tu tutaangalia." Nilipokata simu nikamtumia meseji: "Kaka, kama tulivyoongea saa nne asubuhi, umesema nilete gari mtaangalia tatizo la kuchemsha. Gharama za matengenezo ni za yadi, nimeelewa sawa?" Akajibu, "sawa bro". Maneno mawili tu, lakini yana uzito. Tangu 2015 tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, inayotambua ujumbe wa simu kama ushahidi. Kila simu unayopiga ifuate na meseji ya namna hiyo. Usitukane, usiandike kwa herufi kubwa, usitume sauti za dakika tano za kulalamika. Andika kama vile hakimu atakuja kusoma.

Baada ya hapo alianza kutopokea simu. Nilisubiri siku mbili, nikaandika barua kwa mwenye yadi. Si kwa kijana, yeye hana hela ya kutoa. Jina la mwenye biashara liko kwenye mkataba na kwenye risiti ya EFD. (Usipopewa risiti ya EFD, au ikaandikwa bei ndogo kuliko uliyolipa, dai yenye bei kamili. "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" si wimbo wa TRA tu. Siku ya mgogoro hiyo ndiyo inayoonyesha ulilipa ngapi na ulimlipa nani.)

Barua yangu ilikuwa hivi, nimetoa majina tu:

"YAH: KASORO YA GARI NAMBA T ........ NILILONUNUA KWENU TAREHE ........
Nilinunua gari tajwa kwa Sh 9,400,000, nimelipa Sh 8,600,000. Tangazo lenu lilisema injini haina tatizo, na niliwaambia kabla ya kununua kwamba ni gari la kubebea mizigo ya duka. Siku ya nne lilichemsha, na fundi amebaini maji yameingia kwenye oili. Gari limesimama tangu siku hiyo na halijafunguliwa. Naomba ndani ya siku 7 tangu mpokee barua hii mlitengeneze kwa gharama zenu pamoja na kulivuta, au mseme kwa maandishi kwamba mmekataa. Nikikosa jibu nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani na kufungua madai mahakamani. Nimeambatisha maelezo ya fundi, picha ya tangazo, nakala ya mkataba na risiti."

Ona vitu viwili. Nimeomba jambo moja linaloeleweka. Ukiandika unataka utengenezewe, au urudishiwe hela, au upewe gari lingine, na pia fidia ya usumbufu, unampa nafasi ya kubishana na lile dogo na kuliacha kubwa. Na nimetaja siku. Barua isiyo na siku ya mwisho inawekwa chini ya glasi ya meza. Niliituma WhatsApp, na nakala ya karatasi nikampa binamu yangu anayefanya kazi Mwenge aipeleke, akasainiwa kwenye nakala yetu kwamba wamepokea.

Watu wataniuliza, kwa nini si polisi? Gari kuwa bovu ni madai, si jinai. Polisi si wakusanya madeni. Utaambiwa mkaelewane, na utakuwa umepoteza siku nyingine. Polisi ni pale kadi ikiwa ya kughushi, namba ya chesisi imechezewa, au gari ni la wizi. Hapo usizungumze na yadi kabisa, nenda moja kwa moja.

Tume ya Ushindani, wengi tunaijua kwa FCC, iko chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Hiyo inakataza muuzaji kumpotosha mnunuzi, kwa mfano kurudisha nyuma kilomita au kusema injini haijaguswa wakati imeshafunguliwa. Kupeleka malalamiko hakuhitaji wakili. Mahakama nayo ipo, ila jua kwamba kesi ya madai kwa kawaida hufunguliwa pale anapoishi au anapofanyia biashara mdaiwa, au pale jambo lilipotokea. Ukikabidhiwa gari Dar, mkataba ukasainiwa Dar, jiandae kupanda gari la Dar kila kesi ikitajwa. Ndiyo maana safari ijayo nitaomba mkataba uandikwe kwamba makabidhiano yanafanyika Bagamoyo. Dereva wa kulileta nitamlipa mimi, ni rahisi kuliko nauli za kesi.

Siku ya tano mwenye yadi akapiga mwenyewe. Mzee wa makamo. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, mbona umefika mbali hivyo, mahakama tena?" Nikamwambia mzee, sijafika, nimeomba tu gari litembee. Tukaongea vizuri. Akakubali kutoa gasketi, kuskimu silinda hedi na ufundi, kwa fundi wao. Kuvuta, Sh 180,000, akasema ni juu yangu.

Hapo nilikaa nikapiga hesabu. Bila gari nilikuwa nakodi kwa 35,000 kwa safari, safari nne kwa wiki, yaani 140,000. Wiki tatu za kubishania uvutaji zinakula zaidi ya gharama ya uvutaji wote. Nikamwambia tugawane nusu kwa nusu, akakubali. Nikamwomba pia aangalie faini. Nilishahakiki namba ya gari kwenye mfumo wa Polisi nikakuta makosa mawili ya barabarani, 60,000, yote ya tarehe za kabla sijanunua. Tukakubaliana 90,000 ya uvutaji na 60,000 ya faini zikatwe kwenye ile laki 8 yangu iliyobaki. Nikawa nadaiwa 650,000. Yote tukaandika upande mmoja wa karatasi na kusaini, na nikaongeza mstari: injini ikichemsha tena ndani ya siku 30, yadi inarudia kazi.

Tahadhari kuhusu hiyo hela iliyobaki. Mimi niliweza kukata kwa sababu tulikubaliana na mkataba ulisema. Ukijikatia mwenyewe, ukagoma kulipa kilichobaki bila makubaliano, yadi wanaweza kukudai na kusema wewe ndiye umevunja mkataba.

Gari lilipokamilika sikulichukua kwa kuwasha na kusikiliza pale uani. Nililipakia magunia kumi ya unga niliyokuwa nimenunua kwa ajili ya duka, nikaja nalo mpaka Bunju, nikasimama, nikaangalia geji na oili, ndipo nikampigia mzee kwamba naendelea na safari.

Kadi ilichukua muda zaidi ya injini. Ilikuwa bado na jina la mtu aliyewauzia wao. TRA wanamtambua mwenye jina kwenye kadi, kwa hiyo mkataba wako na yadi peke yake unaacha pengo. Dai nakala ya mkataba wa yadi na huyo mtu, pamoja na kitambulisho na TIN yake, na wewe uwe na TIN yako tayari. Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei na ada za kuhamisha umiliki. Andikeni mapema nani analipa. Mimi kadi ilipotoka ndipo nikatuma ile 650,000, na siku hiyohiyo nikabadilisha bima iwe kwa jina langu, maana stika ilikuwa bado ya mtu mwingine. Stika yoyote ihakiki kwenye mfumo wa TIRA kabla hujaiamini.

Wale watatu mlioniandikia: mwenye gari ambalo fundi bado hajalifungua, aandike barua leo usiku, anitumie nimsomee kabla hajaituma. Yule ambaye fundi alishafungua, piga picha kila kifaa kilichotolewa, usitupe hata boliti moja, ile gasketi iliyoungua iweke kwenye mfuko na uandike tarehe.