Mwarobaini na Kisukari: Tupime Vipi?

Mwanafunzi mwenzangu, hebu kwanza tulitazame jina. Mwarobaini, yaani mti wa maradhi arobaini. Asili yake ni Bara Hindi, nasi tumeupokea na kuupa jina kana kwamba kuna mtu aliyewahi kuyahesabu maradhi hayo moja moja. Siku hizi kisukari nacho kimetiwa katika hesabu. (Angalia na ngeli pia: kisukari, kipindupindu, kifafa, kichocho. Lugha yetu imeyalaza maradhi mengi chumba kimoja.)

Kwetu nyumbani jambo hili si la vitabuni. Mjomba wangu alipopatikana na kisukari, alipewa vidonge. Nyanya naye akamchemshia majani ya mwarobaini, kikombe asubuhi, kikombe jioni. Baada ya wiki kadhaa akapimwa kabla ya kutia chochote kinywani: sukari ilikuwa imetoka 14 ikafika 9. Nyumba nzima ikashangilia. "Mwaona?" akasema nyanya. Mjomba akavitupa vidonge. Haukupita muda mrefu tukambeba kumpeleka hospitali, hajitambui.

Basi, je, nyanya alikuwa mwongo? La hasha. Sukari ilishuka kweli. Lakini katika wiki zile mjomba alikuwa pia akimeza vidonge, ameacha soda, ameacha vijiko vitatu vya sukari katika chai, na kwa hofu aliyokuwa nayo alikuwa akienda sokoni kwa miguu. Mambo matano yalifanya kazi pamoja, sifa akapewa mmoja, yule mchungu! Tena hiyo 9 tuliyoshangilia bado ni ugonjwa, kwani aliyefunga kula akifika 7 huhesabiwa kuwa na kisukari.

Ili kuujua ukweli, wataalamu huwagawa wagonjwa kwa kura mafungu mawili. Wote huendelea na dawa na chakula chao. Fungu moja hupewa majani yaliyosagwa, jingine hupewa kitu kinachofanana nayo kisicho dawa, na mgonjwa hajui amepata kipi. Hata anayepima hajui. Hawapimwi sukari ya siku moja tu, maana hiyo hupanda na kushuka; kuna kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya miezi miwili au mitatu iliyopita. Ini na figo navyo huchunguzwa. Mwarobaini umeshusha sukari ya panya katika maabara mara nyingi, lakini majaribio kwa watu ni machache na madogo. Na panya si mjomba.

Kuna mfano mmoja unaonipendeza sana. Huko Ulaya upo mmea uitwao Galega officinalis, ambao waganga wa kienyeji waliutumia tangu zamani. Kondoo wakiula, huwadhuru hata kuwaua. Wanakemia walichunguza viini vya jamii ya vile vilivyomo ndani yake. Mwaka wa 1922 metformini ikatengenezwa maabarani, na mwaka wa 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akatangaza matokeo ya kuwatibu watu kwayo. Miaka 35! Vidonge alivyovitupa mjomba vilikuwa hivyo hivyo. Ati alitupa dawa ya Kizungu akashika ya miti, kumbe zote zina ukoo na miti. Tofauti ni kwamba moja imepimwa, kila kidonge kina kiasi kile kile.

Kikombe cha nyanya kina kiasi gani? Leo majani kumi, kesho konzi nzima. Na uchungu si kipimo. Mafuta ya mbegu za mti huu huu yamewahi kuwaua watoto wachanga walionyweshwa. Anayechanganya majani na vidonge naye aweza kushushwa sukari kupita kiasi, akatetemeka na kutokwa jasho jembamba. Na yule ambaye kongosho lake halitoi insulini kabisa, kama walivyo watoto wengi wenye kisukari, hana jani la kushika mahali pa sindano. Akiiacha, ni suala la siku tu.

Mjomba amerudia vidonge vyake. Kikombe hajakiacha, ila siku ya kliniki humweleza daktari anakunywa nini na mara ngapi. Nyanya hakufurahi sana, lakini juzi nilimkuta jikoni anayahesabu majani.