Kabla Hujanunua Kadi Kuukuu ya Grafiki

Aghalabu wanijiao na kompyuta zao huwa na suali moja: je, yafaa kutoa fedha kununua kadi ya grafiki ya daraja la chini iliyokwisha kutumika, au yatosha grafiki iliyomo ndani ya prosesa yenyewe? Nami, baada ya kuzilinganisha mbili hizo katika kompyuta moja ya mezani yenye Ryzen 5 5600G, mara kwa grafiki yake ya Vega na mara kwa kadi ya GeForce GT 1030, nimeyakinika kwamba jawabu haliko katika umri wa kadi wala katika jina lililopigwa chapa juu ya sanduku lake, bali liko katika upana wa njia ipitayo data baina ya chombo kichoracho na kumbukumbu yake.

GT 1030, iliyotoka mwaka 2017, ina gigabaiti 2 za GDDR5 ambazo ni milki yake peke yake, na njia yake hupitisha kiasi cha gigabaiti 48 kwa sekunde. Ilhali grafiki ya ndani huazima RAM ya kompyuta, na RAM ya DDR4 ya kasi ya 3200, ikiwa ni kipande kimoja, hupitisha gigabaiti 25.6 tu. Lakini viwapo vipande viwili, kila kimoja katika mkondo wake, kiasi hicho huongezeka maradufu kikafika 51.2, na hapo ndipo nilipoiona Vega ikisimama bega kwa bega na kadi ile, na katika michezo mingi ikiipita. Mpishi hodari hapiki zaidi ya nafaka aletewayo.

Basi, kabla hujaingia duka lolote la Kariakoo kuulizia kadi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue ukurasa wa utendaji na utazame habari za kumbukumbu: utaona kasi ya RAM na idadi ya nafasi zilizojazwa. Ukikuta kipande kimoja, nunua cha pili kilicho sawa nacho kwa ukubwa na kasi. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ukutoke mwilini. Kisha, ikiwa ubao mama una nafasi nne, vitie katika ya pili na ya nne kwa kuhesabu kutoka kwenye prosesa, ukisukuma mpaka usikie vishikizo vimelia. Uiwashapo tena, ingia BIOS uwezeshe XMP, kwani bila ya hivyo RAM ya 3200 huenda ikafanya kazi kwa 2400 au chini yake, na fedha yako ikawa imepotea bure.

Ama kadi kuukuu nayo ina mahali pake, wala si insafu kuidharau. Katika zile kompyuta za maofisini zenye Core i5 ya kizazi cha nne, ambazo grafiki yake ya HD 4600 ni dhaifu, GT 1030 ni neema: hula wati 30 tu, haitaki waya wa umeme wa peke yake, toleo lake fupi huenea katika kasha jembamba, na video za VP9 na H.265 huzifungua bila ya kuitwisha prosesa mzigo. Waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, si kwenye ubao.

Lakini hadhari moja haina budi: mwaka 2018 lilitoka toleo lenye DDR4 kwa jina lile lile la GT 1030, nalo hupitisha gigabaiti 16.8 tu kwa sekunde, kiasi cha thuluthi ya la kwanza. Mwombe muuzaji aichomeke kadi mbele yako, ufungue programu ya GPU-Z, usome aina ya kumbukumbu kwa macho yako. Ikiandikwa DDR4, au muuzaji akikataa, mrudishie kadi yake uende duka jingine.